Tausi na kadi ya kliniki: kisa cha mbwa wa kilo 41.6

Tausi hakuletwa kwangu kwa ajili ya unene. Aliletwa asubuhi moja ya Aprili, masika yameshika Dar es Salaam, kwa kuwa alikuwa akichechemea mguu wa nyuma wa kushoto na usiku akihema kama aliyetoka kukimbizwa. Mwenyewe, mama mmoja mstaafu wa Mbezi, alikuwa na mashaka mawili: ama mtu amempiga jiwe kupitia geti, ama kupe wamemwachia homa.

Mashaka ya haki kabisa. Katika mji huu mbwa akilegea, daktari wa mifugo huanza na magonjwa ya kupe, nami nilianzia hapo. Nikachukua damu, nikatazama slaidi kwenye darubini, nikapima wingi wa chembe nyekundu. Damu safi. Joto la mwili la kawaida, fizi za waridi, goti limekaza vizuri. Nyonga ndizo zilizosema. Nilipounyoosha mguu kwenda nyuma, Tausi aligeuza kichwa akautazama mkono wangu, na kwa mbwa mpole kama yeye, huko kugeuka tu ni kilio.

Ndipo tukampandisha kwenye mizani. Kilo 41.6.

Tausi ni Labrador jike, rangi ya mchanga wa pwani, wakati huo ana miaka 7. Majike wengi wa aina hiyo huwa kati ya kilo 25 na 32. Nikalifungua faili lake, na ukurasa nilioukuta ndio ulionifanya niandike kisa hiki. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipomaliza kukua: kilo 30.8. Mwaka uliofuata, siku nilipomfunga kizazi: 31.5. Kisha 33.9. Kisha 36.2. Kisha 38. Halafu mwaka mmoja hakupimwa kabisa, maana mizani yetu ilikuwa imeharibika. Pembeni mwa kila namba, kwa mwandiko wangu mwenyewe, maneno mawili: "Afya njema."

Mbwa aliyefungwa kizazi hupungukiwa na mahitaji ya nishati huku hamu ya kula ikipanda. Hilo nalijua tangu chuoni. Siku ile ya upasuaji nilimweleza mama namna ya kutunza kidonda, siku ya kutoa nyuzi, na kumzuia mbwa asijilambe. Juu ya chakula sikusema lolote. Kwa hiyo kisa hiki kina wahusika wengi, na wa kwanza ni mimi.

Tena neno hilo, afya, lina uzito wake kwetu. Mtu akirudi safari mashavu yamejaa, tunamwambia ana afya. Mtoto mwenye mikunjo mapajani ana afya. Kukonda ni habari mbaya: anaumwa, ana mawazo, mambo hayamwendei. Kwa mbwa mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mfano wa mbwa mwembamba tunakutana nao kila siku jalalani: mbwa koko, mbavu nje, mkia katikati ya miguu. Anayempenda mbwa wake humlisha mpaka asifanane hata kidogo na yule. Mgeni akifika akasema "mbwa wenu amenawiri", nyumba nzima inafurahi. Nani atasema basi? Kilo moja na nusu, kilo mbili kwa mwaka, machoni pa watu wanaomwona kila siku, haionekani. Na ikionekana, inasifiwa.

Nilimwomba mama akunje ngumi ya mkono mmoja, kisha apitishe vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo vya ile ngumi. "Mbavu zikiwa hivi, mbwa amekonda." Nikamwambia anyooshe kiganja, apapase mgongo wa mkono, pale mifupa inaposikika chini ya ngozi bila kutafutwa. "Hivi ndivyo tunavyotaka." Halafu akageuza kiganja akapapasa nyama iliyo chini ya vidole. Kisha nikauweka mkono wake ubavuni mwa Tausi. Alibonyeza, akabonyeza tena zaidi. Akanyamaza. Tulipomtazama kwa juu hakuwa na kiuno. Kwa ubavuni tumbo lilikwenda sambamba na sakafu. Katika kipimo tunachokitumia cha alama 1 hadi 9, alama 4 na 5 ndizo nzuri, na kila alama inayozidi 5 huhesabiwa kama asilimia 10 hivi ya uzito wa ziada. Nilimpa 8. Uzito wa kulenga ukatoka kama kilo 32.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nimepima watoto kliniki miaka thelathini. Nimewezaje kutokuona?"

Kumbe alikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Maisha yake yote ya kazi alining'iniza watoto kwenye ile mizani ya mfuko, akaweka nukta kwenye kadi, akaunganisha nukta kwa mstari. Mstari ukipanda, mama wa mtoto anapongezwa. Ukilala, anaulizwa maswali. Ukishuka, hapo kila mtu anashtuka. Mkono wake ulizoea kuona kheri katika mstari unaopanda. Nilimweleza kuwa kwa Tausi tutageuza kadi: tutautaka mstari ushuke, polepole, asilimia moja hivi ya uzito kwa wiki, na ukishuka kwa kasi nitashtuka kama alivyokuwa akishtuka yeye. Hapo hapo akaniuliza kama nina karatasi ya mraba mraba.

Kabla hawajaondoka kulikuwa na mambo mawili ya kumaliza. La kwanza ni dawa. Mama aliuliza kama ampe vidonge vya diklofenaki alivyo navyo nyumbani, nikamkatalia pale pale. Dawa za binadamu za namna hiyo hutia vidonda tumboni mwa mbwa na kuumiza figo. Wako mbwa wengi waliokufa kwa nia njema ya mwenyewe. Nilimpa dawa ya maumivu ya mbwa ya wiki mbili. La pili ni tezi ya shingo, ambayo ikilegea humnenepesha mbwa hata kwa chakula kidogo. Manyoya ya Tausi yalikuwa mazito na yanang'aa, mkia haukupukutika, ngozi safi, kwa hiyo kipimo hicho nilikiweka akiba: uzito ukigoma kushuka kwa miezi miwili ya chakula kilichopimwa, tutakifanya. Kupima kila kitu siku ya kwanza ni kumaliza pesa ya mgonjwa kabla ya kumuuliza anakula nini.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwao na mizani ndogo ya jikoni.

Sikwenda kuhoji mtu. Nilikaa jikoni, nikanywa chai, nikamwomba dada wa kazi apike chakula cha Tausi kama anavyopika siku zote, ila kila kinachoingia sufuriani kipitie mizani kwanza. Dona gramu 250. Dagaa gramu 50. Kitunguu kimoja, ambacho tulikiondoa siku ile ile na hakikurudi, kwa kuwa kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Ugali ule na dagaa wake ulikuwa na kama kilokalori 1,050, ukigawanywa asubuhi na jioni.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Kanuni tunayoitumia ni 70 mara uzito unaolengwa ulioinuliwa kwa kipeo cha 0.75. Kwa kilo 32 inatoka kilokalori 940 hivi kwa siku, na kwa mbwa anayepunguzwa uzito hapo ndipo pa kuanzia. Tazama basi: sahani ya Tausi ilizidi kidogo tu. Mbwa anayekula 1,050 hawezi kufikisha kilo 41.6 na kukaa hapo. Palikuwa na chakula kingine, na hakikuwa sahanini.

Kikatoka kimoja kimoja. Dada wa kazi humwekea bilauri ya maziwa asubuhi, kilokalori 150, kwa sababu Tausi humfuata mpaka anapofagia. Mama mwenyewe humpa nusu chapati wakati wa chai ya saa kumi, 150 nyingine. Mlinzi wa usiku humwachia wali na maharage kwenye sufuria lake, nilikadiria 250. Jumla 1,600, bado hatujagusa mikono ya wajukuu wakija. Hakuna aliyempa kingi. Kila mmoja alitoa kidogo chake, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Hapa pana kosa ambalo madaktari tumelizoea. Tunasema "punguzeni ugali", tunaaga. Familia inapunguza ugali kwa nusu, mbwa anashinda na njaa, anapekua taka, anaamsha watu usiku, na baada ya wiki tatu wote wamechoka. Tena ugali wa dona una protini chini ya asilimia 10, na kalsiamu karibu hamna. Ukikata chakula hicho kwa nusu umekata na hicho kidogo kilichokuwa kinaulinda msuli wa mbwa. Atapungua, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kitakachopungua ni nyama ya mapaja, ile ile inayoishika nyonga yenye maumivu. Chakula maalumu cha kupunguza uzito kipo madukani, kinatoka nje, na kwa pensheni ya mama mfuko mmoja ulikuwa mzigo usiobebeka kila mwezi. Sikumwonea haya kumwambia tutafanya kwa vilivyopo sokoni.

Tukapanga hivi: dona gramu 110, dagaa gramu 100, yai moja la kuchemsha, na gramu 300 za boga na kabichi vilivyochemshwa bila chumvi wala mafuta. Jumla kama kilokalori 865. Juu yake unga wa madini na vitamini wa mbwa, kwa kipimo cha uzito wake. Dagaa wawe wa Mwanza, wale wakavu wasiotiwa chumvi, na waoshwe maji matatu maana huanikwa mchangani. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana ana kalsiamu, na protini yake ni nyingi kuliko nyama mbichi ya uzito huo huo. Boga na kabichi kazi yake nyingine ni kujaza bakuli. Namaanisha macho ya anayelisha pia: dada wa kazi alipoliona bakuli limejaa kama zamani, uso wake ukatulia.

Zilibaki kilokalori 75. Hizo niliziita za mikono. Mama alileta kopo tupu la maziwa ya unga, tukakubaliana kwamba kila asubuhi litiwe vipande vidogo vya dagaa wa kukaangwa bila mafuta, na yeyote anayetaka kumpa Tausi kitu, saa yoyote, achote humo. Kopo likiisha, limeisha hadi kesho. Wanasayansi wa lishe ya wanyama hupendekeza vitafunio visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, na 75 iko chini ya hapo. Lakini nililitaka kopo kwa sababu nyingine. Katika nyumba ile kumpa Tausi ndiyo namna ya kusema naye, na nisingeweza kuwanyang'anya watu wanne lugha yao nikategemea wanitii.

Ilibaki chapati ya saa kumi. Mama alikubali kila kitu, hapo akasita. Akaniambia, akiangalia bustani, kwamba mumewe alikuwa na desturi ya kumwachia Tausi pande la mwisho la chapati yake. Alipofariki, siku ya kwanza baada ya watu wa msiba kutawanyika, saa kumi ilipofika Tausi alikuja akakaa mbele ya kiti kilekile akangoja. Tangu siku hiyo mama hukaa kwenye kiti hicho yeye.

Sikumwambia aache. Tulipima kipande cha ukubwa wa kidole gumba: kilokalori 25. Nikakitoa kwenye hesabu ya kopo, nikaandika kwenye karatasi ya jikoni, "chapati ya baba, saa 10, kipande kimoja". Mbwa hajui kupima nusu chapati. Anajua mtu amekaa, amemtazama, amempa. Na kweli hakuonyesha tofauti yoyote.

Mama aliniuliza pia jambo linaloulizwa na kila mwenye Labrador: mbona anaomba muda wote, hata akitoka kula? Kwa mbwa wengi jibu ni mazoea, aliomba akapewa. Kwa Labrador kuna la ziada. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Eleanor Raffan, walieleza kasoro katika jeni iitwayo POMC, ambayo inapokuwa sawa husaidia ubongo kupokea habari kwamba mwili umeshiba. Karibu Labrador mmoja kati ya wanne waliopimwa alikuwa na angalau nakala moja yenye kasoro hiyo, na kila nakala iliendana na kilo 2 hivi za ziada. Kazi yao ya baadaye, ya mwaka 2024, ilionyesha kwamba mbwa hao husikia njaa zaidi kati ya mlo na mlo, na mwili wao ukiwa umepumzika hutumia nishati pungufu kwa robo hivi. Tausi hakupimwa jeni, wala sikuona haja. Nilichotaka mama akijue ni kwamba macho yale ya kuomba huenda ni njaa ya kweli, si ujanja, na kwamba njaa hiyo haitibiwi kwa kujaza, kwa maana haijui kujaa. Inapoozwa kwa milo midogo mitatu badala ya miwili mikubwa. Tukaongeza mlo wa saa mbili usiku, kutoka kwenye chakula kile kile.

Mazoezi sitayazungumzia sana. Watu huyatanguliza wakidhani ndiyo yatakayomaliza kazi, na hayamalizi: mbwa wa kilo 40 akitembea kilomita mbili ametumia kilokalori 80 hivi, hata theluthi ya chapati haifiki. Tuliyataka kwa ajili ya misuli na nyonga. Kijana wa jirani alikuwa akimtoa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla lami haijapata moto, dakika kumi kwanza. Na siku ambazo maji yamekupwa asubuhi walimteremsha pwani akatembea kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Mbwa mnene kwenye joto na unyevu wa Dar anaweza kufa kwa kupandwa na joto. Saa nne asubuhi hakuna mbwa wa kutembezwa hapa.

Mizani ya kila wiki mbili ilikuwa taabu, kwa maana kuja kwangu ni nauli ya bajaji kubwa na foleni. Mama akaitatua mwenyewe. Mtaa wa pili kuna kijana anayenunua vyuma chakavu, ana mizani ya chini ya kupimia mizigo. Wakatandika kiroba, Tausi akapanda, akakaa. Mizani ile ile, asubuhi kabla ya kula, Jumamosi baada ya Jumamosi nyingine. Kwanza niliilinganisha na yangu, zikapishana gramu 100, nikaridhika.

Wiki ya pili 40.9. Ya nne 40.1. Ya sita 39.4. Mama alinitumia picha ya kadi kwenye simu, nukta nne na mstari unaoteremka kama mteremko wa Kimara, na chini yake ameandika kwa mwandiko wa wauguzi, "Anaendelea vizuri."

Wiki ya nane: 39.7.

Gramu 300 juu si kitu, mbwa anaweza kuzibeba kwa maji aliyokunywa. Lakini alitakiwa awe chini ya 39, kwa hiyo pengo lilikuwa kama kilo moja. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, wajukuu wamekuja kutoka Morogoro, na macho ya watu wazima wote yakawaelekea watoto. Nilikwenda. Watoto walikuwa wameshika kopo kama amri ya serikali. Mdogo wao, wa miaka sita, alinihesabia vipande vilivyobaki. Dada wa kazi alinionyesha bilauri ya maziwa akinywa yeye mwenyewe. Mama hakuwa na la kuficha.

Nikabaki mpaka magharibi, mlinzi akaingia.

Hakuwa yule wa Aprili. Yule alikuwa amerudi kwao Singida, huyu ana wiki tatu kazini, mzee mtulivu mwenye tochi na redio. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari ya kopo. Nilimsalimu, shikamoo baba, nikakaa naye kwenye benchi la getini. Nilipomuuliza hakuzunguka. "Daktari, usiku ni mrefu. Mimi nikifungua chakula changu, yeye anakaa hapa, hapa kabisa, ananitazama. Nile peke yangu?" Akaongeza kwamba kule alikolinda kwanza mbwa walishindishwa na njaa ili wawe wakali, na yeye hakuwahi kulipenda jambo hilo.

Ningemlaumu kwa lipi? Nusu ya wali wake na mchuzi wake, kila usiku, kwa mnyama asiye wake. Nilimpapasisha mbavu za Tausi kama nilivyomfanyia mama. Nikamweleza kuhusu nyonga, kwamba kilo zile zinakaa juu ya kiungo kinachouma, na kwamba mafuta yenyewe, mbali na uzito, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe ndani ya kiungo. Kisha tukaligawa kopo upya. Theluthi yake ikawa ya usiku, katika kopo dogo la pili linalokaa kibandani mwake, ni mali yake kumpa Tausi saa anayotaka. Ule mlo wa saa mbili usiku pia tukaukabidhi kwake. Akifungua chakula chake, analiweka na bakuli la Tausi chini, wanakula pamoja.

Wiki ya kumi mizani ilisoma 39.1. Katika wiki hiyo hiyo mama aliniambia Tausi amepanda ngazi tatu za barazani bila kusita, jambo alilokuwa ameliacha tangu Februari. Alikuwa amepungua asilimia 6 tu. Dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha muda mrefu.

Sasa shida ikahamia nje ya geti. Kiuno kilipoanza kuonekana majirani nao wakaanza kuona, na walichokiona ni ugonjwa. Mama mmoja wa mtaani, kwa wema kabisa, alimletea mifupa ya kuku. Mwingine akamwambia mama waziwazi kwamba tangu mume afariki mbwa anateswa. Alinipigia simu jioni hiyo, sauti imepungua. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha saa kumi, hilo lilikuwa neno la kuchoma.

Nilimsimulia habari ya Labrador 48. Watafiti wa kampuni ya chakula cha wanyama ya Purina, kule Marekani, waliwachukua watoto wa mbwa wakawapanga wawili wawili, ndugu wa tumbo moja, tangu wakiwa na wiki 8. Mmoja wa kila jozi alilishwa robo pungufu ya kile alichokula ndugu yake, maisha yake yote, hadi wa mwisho alipokufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliolishwa pungufu waliishi hadi miaka 13 kwa kipimo cha kati. Ndugu zao miaka 11.2. Na ugonjwa wa viungo uliohitaji dawa ulichelewa miaka 3: kwa hao wembamba ulikuja karibu na miaka 13.3, kwa wenzao 10.3. Na hao wenzao hawakuwa wanene kama Tausi wa Aprili. Walikuwa wanene wa kawaida tu, wale ambao mtaani tungesema wana afya.

"Miaka miwili kasoro," mama akasema.

"Miaka miwili kasoro."

Kesho yake aliichukua kadi akaipeleka kwa jirani yule, akamwonyesha nukta zote, akampapasisha mbavu. Mifupa ya kuku haikuletwa tena. Heri hivyo, kwa maana mifupa iliyopikwa huvunjika kama vigae na kuchana utumbo.

Wiki ya 20 tulikuwa 35.9 na mstari umelala. Hili hutokea kila mara na huvunja watu moyo bure. Mwili mdogo hutumia kidogo, na chakula kilichokuwa pungufu sasa kimetosha. Tulishusha hadi kilokalori 850 kwa kupunguza dona peke yake, dagaa hawakuguswa. Wiki ya 28, mwanzoni mwa Novemba, Tausi alisimama kwenye kiroba cha vyuma chakavu akasoma 33.7. Mbavu zake kama mgongo wa mkono. Nilimpa alama 5, na nikaacha kuifuata ile 32 niliyoiandika Aprili. Yalikuwa makadirio ya mbwa niliyekuwa siwezi kuupata mfupa wake, na mbwa aliye mbele yangu sasa alikuwa na kiuno, msuli wa paja umerudi, hatua yake sawa. Tulianza kumwongezea chakula asilimia 10, tukitazama mizani, hadi mstari ulale na ubaki umelala. Chechemea ndogo bado ipo asubuhi za baridi ya Julai na siku za mvua. Nyonga zilizoharibika hazirudi mpya.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa faili nilifuta "Afya njema" zote tano kwa mstari mmoja mmoja, zisomeke bado, nikaandika alama ya umbo pembeni ya kila namba kadiri nilivyoweza kukumbuka: 5, 5, 6, 7, 7. Tangu hapo hakuna mbwa anayetoka chumba changu cha upasuaji, kizazi kimefungwa, bila karatasi ya gramu za chakula.

Wiki ya pili ya Desemba niliona kwenye simu nukta mpya: 34.1, imepanda gramu 400. Nikampigia mama, nikaanza kumuuliza habari za mlinzi, za wajukuu, za sikukuu zinazokuja.

"Nimeshampata," akanikatiza. "Ni yule kijana anayemtembeza alfajiri. Wanapita kwa muuza maandazi. Nimemnunulia kopo lake."